Neno Nisilokumbuka Kulisema

Kila jambo huanza kwa kumshukuru Mungu, nami nina sababu ya kushukuru kuliko wengi, maana ipo miaka ambayo nilikuwa naanza shukrani na kabla ya kufika mwisho nimesahau nashukuru kwa lipi.

Mtu mmoja wa ng'ambo ya mto ametuma ujumbe kwangu. Mwanawe aliangukiwa na mti alipokuwa akifyeka shamba. Amezinduka, anakula, anasema, lakini jioni hajui aliyoyatenda asubuhi. Baba yake anataka kujua sisi tuliishije. Sikuona vema kumjibu kwa mdomo wa mjumbe, kwa kuwa mambo ni mengi. Basi nimechukua karatasi. Nitaandika kidogo kidogo, na nikikwama nitamwuliza mke wangu Salima, aliyeketi hapa karibu akipepeta mchele. Mengi ya mwanzo ni yake. Mwili wangu ulikuwepo, mimi sikuwepo.

Nilikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani hapa Kindu, na imamu wa msikiti wetu mdogo wa udongo. Ulikuwa wakati mpunga umeanza kutoa masuke. Nilikuwa nakwenda kusalisha adhuhuri, nikapita chini ya mchikichi, na juu yake yupo mtu anayekata chikichi. Anasema alinipigia kelele. Mkungu ukaniangukia upande wa kushoto wa kichwa. Anayejua mkungu wa chikichi uliokomaa anajua uzito wake na miiba yake. Nililala siku tatu, damu ikinitoka sikioni, na watu walikwisha kuanza kuulizana habari ya sanda.

Siku ya nne nilifumbua macho nikamwuliza Salima mama yangu yuko wapi. Mama yangu alikufa Nyangwe, zamani, kabla sijaoa. Salima akaniambia amekufa, nikalia. Nikanywa uji, nikauliza tena. Akaniambia tena, nikalia upya, kilio cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Ikawa hivyo siku mbili. Siku ya tatu nilipouliza, Salima akasema, "Mama iko shamba, Mwalimu. Atarudi." Nikatulia, nikalala. Baadaye sana, nilipokuwa na akili ya kuulizwa, aliniuliza kama ile ilikuwa dhambi. Nimesoma vitabu nilivyo navyo, na sijapata jibu lililo bora kuliko alilofanya yeye.

Mwili nao ulibadilika. Mdomo ulikwenda upande mmoja, ukarudi baada ya mavuno. Mkono wa kushoto ulikuwa wa baridi hata juani. Nywele zilizoota penye kovu ziliota nyeupe, na nyingine zilibaki nyeusi, hata watoto wakanicheka, nami sikujua wanachekea nini. Pua ilikufa kabisa. Niliwahi kula samaki aliyeoza na kumsifu mpishi. Hata leo sisikii harufu ya mawese yakichemka, nami nilikuwa naipenda.

Lakini nililohifadhi utotoni lilikuwa zima. Qurani yote ilikuwa kifuani mwangu, sikukosa hata irabu. Jambo hili ulishike, wewe unayesoma, maana ndilo lililokaribia kutuangamiza. Mtu aliyenisikia nikisoma alisema mwalimu amepona. Salima peke yake ndiye aliyeona kwamba nimesali adhuhuri mara nne.

Nilikuwa nasali, natoka nje, naona jua liko juu, nasema moyoni sijasali, narudi kwenye mkeka. Magoti yakavimba. Akiniambia nimekwisha kusali, namjibu kwa ukali kwamba mwanamke hawezi kunifundisha dini yangu. Basi akatengeneza kitu. Alichukua nyuzi za mwale, zile wanazofumia nguo watu wa huku, akasokota vitanzi vitano. Akapigilia vigingi viwili mlangoni. Asubuhi vitanzi vyote viko kigingi cha kushoto. Nikimaliza sala moja nahamisha kimoja kwenda kulia. Alinifundisha hivyo kila siku kwa mwezi mzima, na kila siku niliona ni jambo jipya. Kisha siku moja mkono ukaenda wenyewe. Kichwa hakikujua, mkono ulijua.

Dawa zilikuwa nyingi. Nilinyolewa, nikaumikwa kwa pembe mara saba. Nilinyweshwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Mpunga ulipokwisha kuvunwa, ndugu yangu mdogo Athumani alinipakia mtumbwini, tukateremka na mto hadi kwa mama mmoja Msongola anayejulikana kwa kuunga mifupa. Palikuwa na banda refu la majani, na wagonjwa wamekaa chini yake kwa zamu. Tulingoja siku tisa. Kando yangu alikaa mpiga kasia mmoja Mgenya, mguu wake umevimba kama gogo. Kila asubuhi alinisimulia habari ya mtu aliyemficha kuku chini ya beseni ili mama mkwe asimwone. Kuku akataga, akapiga kelele. Mkwe akauliza ni nini, mtu akajibu ni mke wangu anakohoa. Mkwe akasema, "Basi mwambie akohoe mara moja zaidi, tupate mayai mawili."

Nilicheka hata machozi yakanitoka, siku zote tisa. Yule Mgenya akawaambia wenzake, "Huyu mwalimu ni mutu ya bei. Kwake hadisi yangu haizeeki." Sijui kama dawa ya yule mama ilinifaa, lakini kucheka kulinifaa, na Mungu amlipe yule mtu mguu mzima.

Sasa nafika penye uzito.

Aliyeumia kichwa hupata hasira isiyo yake. Salima anasema nilikuwa mtu wa polepole kabla ya mkungu, nami namsadiki, ingawa hata kabla yake sikuwa malaika. Katika ujana wetu nilimpa talaka moja kwa ugomvi mdogo, nikamrejea kabla eda haijaisha. Hiyo ni moja, na niliitoa nikiwa mzima.

Tena umjue Salima ni nani. Alitekwa akiwa mtoto, upande wa Kailo. Kijiji chao kiliteketezwa na watu wa msafara, watu wa dini yangu, wanaosali kama mimi. Aliletwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Bibi wa nyumba hiyo alimwacha huru alipokaribia kufa, na mimi nikamwoa. Mwanamke mwingine akiachwa, anakwenda kwa baba yake au kwa mjomba. Yeye hakuwa na pa kwenda, na waliomwondolea mahali hapo ni sisi.

Kiangazi kile nilikuwa na tabia ya kuficha msahafu wangu. Niliogopa wezi, wezi gani sijui. Nilikuwa nauzika ndani ya mpunga ghalani, halafu nasahau, halafu namtuhumu Salima kwamba ameuficha. Siku moja nilimwacha mbele ya Athumani. Ilipofika alasiri nikauliza kwa nini Salima hayupo jikoni. Athumani akaniambia. Nikashika kichwa changu. Nilimrejea siku ileile, Athumani akiwa shahidi. Hiyo ikawa ya pili. Ya tatu haina marejeo, mtu na mkewe huwa haramu, mpaka aolewe na mwanamume mwingine na kuachana naye.

Mvua zilianza. Siku moja, mimi na yeye tu nyumbani, msahafu haukuonekana. Nikasema neno.

Mimi silikumbuki. Nalijua kwa sababu Salima aliniambia. Nililisema, nikatoka nje kutazama mvua, nikarudi, nikamwomba maji ya kunywa kwa upole. Hakuna mwingine aliyesikia. Kama angenyamaza tungezeeka pamoja, na hapana mtu duniani angejua. Alinyamaza siku tatu, akilala sakafuni karibu na jiko. Siku ya nne alinikalisha chini.

"Mwalimu, ulisema ile neno. Njo ya tatu."

Nikamwambia anaota.

"Sioti. Wewe njo ulinifundisha haramu ni nini. Nikinyamaza, wewe utakuwa huna kosa, maana hujui. Mimi nitajua kila siku."

Anasema nilitaka kumwita mwongo, nikaacha. Hata leo natafuta faida ambayo angepata kwa uwongo huo, siioni hata moja.

Alihamia kwa mke wa Athumani siku ileile. Mimi nikabaki peke yangu. Nilipika wali ukaungua, na kwa kuwa pua imekufa sikujua mpaka nyumba ilipojaa moshi na majirani wakaja mbio. Kila asubuhi nilimwita. Kila asubuhi jirani alinieleza. Lakini kabla ya jua kuchomoza palikuwa na mtu aliyefika mlangoni, akarudisha vitanzi vyote kigingi cha kushoto, akaenda zake bila kuingia.

Athumani alisema ni lazima twende kwa kadhi, naye alijua anachokitaka. Aliniambia njiani, mtumbwini, na kila nilipouliza tunakwenda wapi aliniambia tena: "Yaya, kaka yangu, mwanamke atapatikana. Ukiitwa mwenda wazimu mbele ya kadhi, jina hilo haliondoki." Alikuwa na haki ya kuogopa. Neno la mtu asiye na akili timamu halihesabiki, hata likiwa talaka. Lakini mtu huyo huyo hasalishi watu, hatoi ushahidi, wala hapana mzazi atakayempelekea mtoto afundishwe. Kumbakiza Salima ilikuwa kuacha yote niliyokuwa.

Tulingoja barazani kwa kadhi siku tatu. Mvua ilinyesha, watu walijibana ukutani na kesi zao. Wanawake walikaa nyuma ya pazia la mkeka. Siku ya tatu, baada ya kusali adhuhuri, kadhi akatuita. Athumani alieleza habari, na kwa haki hakupunguza kitu. Kadhi akanitazama, akaona mtu mwenye kanzu safi na maneno ya adabu. Akasema, "Mwalimu, tusomee Yasini."

Nikasoma. Wananiambia nilisoma vizuri kuliko siku zote. Watu waliinamisha vichwa, mzee mmoja akalia. Nilipomaliza kadhi akasema mtu anayesoma hivi hana upungufu wa akili, na talaka yake imepita. Athumani akashusha pumzi.

Na mimi nilikuwa nikitabasamu. Nimesifiwa na watu wenye elimu, nimefurahi. Nilikuwa nimesahau kilichonileta.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikiomba ruhusa ya kuuliza jambo moja. Kadhi akaruhusu.

"Mwalimu," Salima akasema, "umesali adhuhuri?"

Haya yaliyofuata nayakumbuka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Ndilo jambo la kwanza lililokaa kichwani mwangu tangu mkungu. Niligeuka kutazama mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba ya watu, wa mbao nzuri, na hapakuwa na vigingi. Nikatazama nje, mvua ilikuwa imekatika, na kivuli cha nguzo kilikuwa kimeanza kurefuka. Nikaelewa kwamba wakati wa adhuhuri umeingia zamani. Mtu mwenye heshima kama mimi bila shaka amesali. Ningeweza kusema nimesali, na ingekuwa kweli. Macho yote yalikuwa kwangu, na ladha ya sifa ilikuwa bado mdomoni. Lakini Salima ndiye aliyeuliza, na kwa kitu fulani katika sauti yake nilijua kwamba hapa hatakiwi mtu wa kubahatisha.

"Sijui, mama," nikasema. "Vitanzi viko wapi?"

Hapana aliyecheka. Kadhi alimgeukia Athumani akamwuliza nimesali wapi. Athumani alikuwa akitazama miguu yake.

"Ubavuni mwako, kadhi," akasema. "Bega kwa bega. Sasa hivi."

Kadhi aliomba aletewe maji, akanywa. Alisema ile ya kiangazi na hii ya mvua zote hazikuwa kitu, na mke ni mke wangu. Kisha akaniambia kwa upole ninachokiacha, kimoja kimoja, msikiti, chuo, ushahidi, akaniuliza kama nimeelewa na nimekubali. Nilielewa kwa muda ule, nami nikakubali. Athumani alitoka akasimama uani peke yake. Tulipopanda mtumbwi kurudi, alimtandikia Salima jamvi lake mwenyewe.

Usidhani tulirudi kwa furaha. Mtu mwenye kumbukumbu hupokonywa kazi yake mara moja. Mimi nilipokonywa kila alfajiri. Niliamka, nikatawadha, nikaenda msikitini, nikapita katikati ya watu hadi mbele kusalisha. Na kila alfajiri imamu mpya, mtu mzima niliyemfundisha mimi, alinishika mkono akanirudisha safu ya pili, akininong'oneza sababu. Nilisikia aibu mpya kila siku kwa mvua ile yote. Watoto wa chuo walihamia kwake. Mzazi mmoja, tuliyekula naye miaka mingi, alivuka njia asije akakutana nami. Wapo walionitania sokoni, wakiniambia nina deni la kuwasalisha.

Salima alishona uzi mwekundu kwenye mkono wa kanzu yangu, akanifundisha kwamba nikiuona nisimame nyuma. Mkono tena ulijifunza kabla ya kichwa. Na yule imamu alikuwa na adabu, safu ya pili aliniachia nafasi nyuma yake kabisa, ili akikosea nimsahihishe. Nadhani mara nyingine alikosea makusudi.

Kuanzia hapo sina tukio kubwa la kukueleza. Mavuno ya pili nilijua jana yangu. Ya tatu nilijua juzi. Hata sasa zipo siku zinazoanguka na kupotea, hasa nikichoka au mvua ikinyesha sana. Yale ya mwaka ule hayakurudi wala hayatarudi. Kwa hiyo mwambie mwanao asiyatafute. Kila kitu nyumbani kipewe mahali pamoja, kisihamishwe. Maswali yake mjibuni kila anapouliza, naye akiwa mkali msimjibu aliye mkali, mngojeni mwingine, atarudi. Mpeni kitu cha kufanya kwa mikono. Na aliye karibu naye apate mtu wa kumpokea zamu, kwa kuwa Salima hakumpata, na mgongo wake umezeeka kabla ya wakati. Hilo ni deni langu ambalo sitalimaliza.

Ramadhani iliyopita imamu wetu aliugua. Wazee walikuja barazani kwangu. Walisema mwalimu sasa amepona, kila mtu anaona, basi asalishe tarawehe. Moyo wangu uliruka, sifichi. Nikamtazama Salima. Alikuwa mlangoni na ungo mkononi, ameacha kupepeta. Alijua, nami nilijua, kwamba kuitwa mzima leo hakuirudishi talaka ambayo kadhi aliifuta jana. Lakini mtu aliyewahi kuhukumiwa barazani, hofu yake haifuati hesabu. Niliwaambia wazee watafute mwingine, mimi nimezoea safu yangu. Nikasikia ungo ukianza tena.

Lipo jambo ambalo bado linanisumbua, nalo nitaliandika kwa kuwa uliomba kujua tulivyoishi. Siku ile ya mvua, je, akili yangu ilikuwepo? Kadhi alihukumu kwa alichokiona siku nyingine. Neno lenyewe halimo kichwani mwangu, hata nikilitafuta. Mwaka huu nilimwuliza Salima nilikuwa na macho gani nilipolisema. Alifikiri sana.

"Macho ya mutu anayetafuta kitu," akasema.

Sikuuliza zaidi. Namwachia Yule asiyesahau.

Vigingi bado viko mlangoni, na vitanzi ni vipya, vile vya kwanza vilikwisha kulika. Siku hizi nakumbuka sala zangu zote tano. Sasa hivi nimetoka kusali alasiri, nimehamisha kitanzi cha tatu mwenyewe, nikijua nilichofanya. Kisha nimeketi kumaliza karatasi hii, nikamwuliza kama ninavyomwuliza kila siku: nimesali alasiri, mama?

Hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Umesali, Mwalimu," akasema. "Andika."